Karai Lisiloguswa na Sabuni

Jumatatu, 4 Machi

Nesi Wilkister wa kliniki ameniambia ninunue daftari, niandike kila siku kichwa kikiniuma na nilikuwa nikifanya nini wakati huo. Anasema presha haiji bure, kuna mahali inatoka. Haya, daftari ndilo hili. Leo kichwa kimeuma kuanzia saa nne asubuhi, na nilikuwa nikifanya kile ninachofanya kila siku: kuwapikia watu wa Kitengela chakula cha Kichina ambacho si cha Kichina.

Jumanne, 5 Machi

Kimeuma. Nilikuwa nachanganya sukari na tomato sosi.

Alhamisi, 7 Machi

Nesi akisoma hapa atataka kujua anasoma mambo ya nani, kwa hivyo niandike mara moja nimalize. Mimi ni Ndunge, Mama Katee. Nina miaka hamsini na miwili na magoti ya mtu wa sabini. Miaka sita nilifanya kazi katika kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara huko kwetu Ukambani. Niliingia kama mtu wa kumenya vitunguu, nikatoka mpishi wa pili. Aliyenifundisha ni mpishi wao, Mzee Shao, mtu wa maneno machache na matusi mengi. Kambi ilipofungwa aliniachia karai lake la chuma. Hakusema kwaheri, alilitia tu kwa gunia akaniwekea miguuni.

Karai hilo haliguswi na sabuni. Unalisugua kwa maji moto na brashi, unalikausha motoni, unalipaka mafuta, basi. Ule weusi ulio ndani ni mafuta yaliyoshikana na chuma mwaka baada ya mwaka, na ndio unaoupa wali ile harufu ya moto ambayo huwezi kuinunua dukani. Mzee Shao alilipikia miaka kumi, wali na mboga tu, nguruwe wa kambi alikuwa na karai lake. Mimi, tisa.

Kyule, mtoto wa marehemu dada yangu, alipoachishwa kazi Nairobi alinijia akiwa amekonda. "Aunty, wewe uko na talanta imekaa tu bure." Ndivyo Joka Tamu Chinese Takeaway ilivyozaliwa, chumba kimoja kando ya barabara ya Namanga, kati ya duka la nguo la Mama Najah na mtu wa kutengeneza simu. Mwezi wa kwanza nilipika vile nilivyofundishwa. Kuna viazi Mzee Shao alivikata vyembamba kama njiti, akavipitisha kwa moto mkali na siki kidogo, vikatoka bado vinalia mdomoni. Watu walivirudisha. "Mama, hizi viazi hazijaiva." Walitaka tamu. Walitaka nyekundu. Walitaka kachumbari kando na supu ya nyama juu ya wali. Huu mwaka wa tatu nawapa wanachotaka, na kila jioni narudi nyumbani nikinuka sukari iliyoungua.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Najah amekuja kuchukua wali wake wa Ijumaa. Jina lake ni Asho, mtu wa Wajir, mumewe Burale ananunua mbuzi na ng'ombe huko Kajiado na kuwapeleka Nairobi. Kati ya wateja wetu wote yeye pekee hali tamu. Alionja siku moja chakula nilichojipikia mwenyewe, akasema, "Kwani hii ndiyo unaficha?" Tangu siku hiyo kila Ijumaa namfanyia wali wa Mzee Shao: wali wa jana, yai, vitunguu vya majani, kuku, na moto. Kuku tunanunua kwa mchinjaji wao wa Kiislamu, yeye ndiye aliyenipeleka huko mara ya kwanza.

Jikoni haingii mtu isipokuwa yeye. Leo amelitazama karai akatikisa kichwa kama kawaida yake.

"Mama Katee, wallahi mama yangu akiona hii karai utafukuzwa mji."

"Hiyo si uchafu, ni ladha."

"Ladha gani nyeusi kama tairi? Nipatie steelwool, dakika kumi tu, utajiona uso."

Namwelewa. Kwetu pia mwanamke anapimwa kwa sufuria zake. Mama yangu alizisugua kwa jivu na mchanga mpaka zikawaka juani, na mgeni akifika zilipangwa nje azione. Lakini karai ni karai. Nimemfukuza na mwiko, akatoka akicheka.

Kichwa leo hakikuuma.

Jumapili, 10 Machi

Mtu ameandika kwa Facebook, lile kundi la wakazi wa Kitengela: "Hiyo Chinese ya Joka Tamu ni pilau imevaa miwani." Watu mia nne wamecheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Kyule hakucheka.

Jumatatu, 11 Machi

Kyule ameshinda akizungukazunguka. "Aunty, watu wanataka original. Hii yetu wameishtukia." Nikamwambia original niliwapa, wakasema haijaiva. Akasema sasa anajua watu wa kuipeleka. Joto limezidi, mawingu yanakuja upande wa Tuala na kurudi. Kichwa ndiyo, mchana wote.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Mama Najah amefungua duka saa tano, midomo mikavu, ananipungia mkono kwa mbali.

Saa saba Kyule amekuja na Mchina anaitwa Gao, msimamizi wa kwari ya mawe huko nje ya mji. Amekaa Kenya miaka mingi, Kiswahili anajua cha kazi. Kyule alimletea kuku mwekundu wa tamu. Gao akala vipande viwili, akasukuma sahani pole pole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Niliona aibu ambayo sikujua bado ninayo. Nikarudi jikoni, nikakata viazi vyembamba, nikawasha moto wote, nikatia pilipili kavu na siki. Nikampelekea mwenyewe.

Alimaliza sahani bila kuinua kichwa. Halafu akauliza, "Mama, nani fundisha wewe?" Nikamwambia. Akauliza kama kesho kuna nguruwe.

Alhamisi, 14 Machi

Kyule amekubaliana nao: chakula cha mchana cha Wachina kumi na wawili, kila siku ya kazi. Kodi ya miezi miwili iko nyuma na yeye haniambii, lakini nimemwona mwenye nyumba akimvuta kando. Nyama ya nguruwe inatoka bucha ya mtaa wa pili. Mwendesha boda, Kuntai, atakuwa anapeleka.

Sasa hapa, nesi, niandike ukweli. Kuna karai lingine la aluminiamu, jepesi, linalounguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Nilijua nguruwe anafaa kupikwa kwa hilo. Nililishika hata. Nikalirudisha, nikachukua la Mzee Shao. Nilitaka wale watu kumi na wawili wajue ni nani aliyewapikia. Miaka mitatu nimepika kama mtu anayeimba wimbo wa mwenzake kwa kunong'ona. Leo nilipika kwa sauti yangu. Mafuta ya nguruwe yalipolia ndani ya lile karai, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kichwa: hakikuuma hata kidogo.

Ijumaa, 15 Machi

Wali wa Mama Najah, wa kufungulia saumu, nimeupika kwa sufuria. Sikumwambia kitu. Mvua ya kwanza imenyesha, kidogo, ya kuinua vumbi tu.

Jumamosi, 16 Machi

Najah, binti yake, amepita akienda chuo. "Aunty, jana ulikuwa mgonjwa? Wali haikuwa na ile harufu." Nikasema nilichoka.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Udongo mweusi wa hapa umeanza kazi yake. Unatoka nyumbani na viatu viwili, unafika kazini na viatu vinne. Gao ameomba nguruwe na biringani.

Ijumaa, 22 Machi

Imenyesha tangu alfajiri. Watu walikimbilia ndani wote wakaagiza kwa pamoja, sufuria zote zilikuwa motoni, na saa kumi na moja na nusu Najah akasimama mlangoni na mwavuli akiangalia saa. Futari haingoji mtu. Karai lilikuwa tupu. Nilikuwa nimeliosha kwa maji yanayochemka, nikaliosha tena. Nikajiambia maji yanayochemka yanatosha. Nikajiambia mengi kwa muda wa kukaanga wali mmoja.

Saa mbili usiku Mama Najah amepiga simu. "Mama Katee, leo umerudi! Mama yangu amefika kutoka Wajir, amekula sahani mbili. Anauliza huyu Mkamba ameolewa wapi." Nikacheka naye. Kichwa kilianza pale pale nikiwa bado nimeshika simu.

Jumatatu, 25 Machi

Nimefika kazini nikakuta kibao kipya mlangoni, maandishi ya kijani: HALAL. Nimemuuliza Kyule kama ameenda kuuliza mtu, kama kuna mzee wa msikiti amekuja kuangalia jikoni.

"Aunty, ni sticker tu. Idd inakuja, hao watu wananunua sana. Na kuku si ni yao?"

"Na nguruwe?"

"Nguruwe haiuzwi hapa. Inapikwa tu, inaenda."

Nilitaka kumjibu. Nikamwona alivyovaa lile shati moja la mahojiano ya kazi, kola imekwisha, nikamkumbuka dada yangu hospitalini akiniambia, huyu usimwache. Nikaenda kumenya tangawizi.

Jumanne, 26 Machi

Mama Najah ameona kibao. "Hata kibao mmeweka! Mimi sikuwa nahitaji. Kibao yangu ni wewe."

Kichwa. Nilimeza dawa mbili badala ya moja.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu yetu, Ijumaa ya Ramadhani yao. Sufuria ilikuwepo, tupu, imeng'aa, imening'inia msumarini. Niliitazama. Nilijua nikiitumia Najah atauliza tena kama niko mgonjwa, na nitadanganya tena. Nikatumia karai. Wali wa Ijumaa iliyopita naweza kuusingizia haraka na mvua, lakini wa leo ni mimi tu.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Sikuenda kanisani. Nilisema ni magoti.

Jumanne, 2 Aprili

Mama Najah amekuja na karatasi. Idd watakuwa watu arobaini nyumbani kwake, jamaa zote, na shehe wa msikiti atapita. Pilau watapika wenyewe, lakini Najah amesema lazima kuwe na wali wa Aunty Ndunge, na bibi yake amesema vivyo hivyo. "Tena wewe usije kama mpishi. Pika mapema, uvae, ukae na sisi." Amenishika mkono akiongea. Mkono wake ulikuwa baridi, kwa njaa ya saumu.

Nikasema ndiyo. Kyule alisikia kutoka nje akainua dole gumba.

Jumatano, 3 Aprili

Ndiyo, kimeuma.

Alhamisi, 4 Aprili

Kimeuma.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimempikia tena. Kwa karai. Sasa naogopa kuacha kuliko ninavyoogopa kuendelea. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu naona inanyooka tu mbele, na matope mpaka magotini.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Nilifika kazini saa mbili. Mvua ilikuwa imepumzika. Kyule alikuwa ameshanunua mchele wa Idd, gunia limesimama mlangoni chini ya kile kibao. Nilisimama pale na mwavuli wangu. Nikawaza juu ya yule mama mzee wa Wajir, meno machache, anapeleka kijiko mdomoni siku ya Idd, na shehe kando yake, na mimi nimevaa dera nimekaa katikati yao kama mgeni wa heshima. Sikuingia. Niligeuka, nikaingia duka la jirani.

Mama Najah alikuwa peke yake, akikunja madera.

"Mama Najah, siwezi kupika ya Idd."

"Uko mgonjwa?"

"Hapana. Ile karai imepika nguruwe."

Alinitazama kama nimesema Kichina chenyewe. Akauliza, "Ya nani?"

"Ya Wachina wa kwari."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani ianze."

Akaweka dera chini. "Na wali yangu?"

"Ya kwanza nilitumia sufuria. Hizo zingine tatu nilitumia karai."

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alihesabu Ijumaa kwa vidole, pole pole, akafika ya tatu akabaki amekishika kile kidole.

"Tulifungua saumu na hiyo."

Akakiachia kidole, akanitazama.

"Mama yangu alikula. Sahani mbili. Nilikupigia simu nikakuambia, ukacheka."

"Nilicheka."

"Mimi sina dhambi," akasema. "Sikujua. Najah hana, mama hana, Burale hana. Mtu asiyejua, Mungu hamshiki. Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na hiyo kibao?"

"Ni Kyule aliweka."

"Sijakuuliza nani aliweka. Nakuuliza, ulikuwa unaipita kila asubuhi ukiingia?"

"Nilikuwa naipita."

Akachukua lile dera, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Nilianza kumwambia kuhusu sufuria na mvua na Najah na mwavuli, maneno yakanitoka kama ya mtoto aliyevunja kikombe. Akainua mkono.

"Mama Katee, nimefunga. Toka kabla sijaharibu saumu yangu na mdomo."

Nilitoka. Kyule alikuwa kwa mlango wetu, amesikia yote, kuta ni mabati.

"Aunty, umenimaliza."

"Toa hicho kibao."

"Unajua nitalipa kodi na nini? Kwani hata hiyo Chinese ni Chinese? Si ni sukari na Royco! Miaka tatu tunawauzia jina, kuna mtu amewahi kufa? Watu wanakula jina, Aunty!"

"Wa sukari waliitisha sukari," nikamwambia. "Wanajua wanachokula. Huyu aliniamini, nikanyamaza."

Alilia, mwanaume wa miaka thelathini na minne. Halafu akafuta uso akasema nichukue karai langu niende, kwa sababu akiniona atasema kitu ambacho mamake asingependa. Kwa hivyo watu wawili walinifukuza asubuhi moja ili wasinitukane. Nimelibeba karai kwa gunia lile lile la Mzee Shao mpaka nyumbani.

Kichwa, nesi, sijui. Kila mahali kunauma.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Harufu ya pilau yao imefika mpaka kwa plot yangu, au nimeiwaza tu.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani pasta amehubiri juu ya ukweli kutuweka huru. Mimi uhuru huo nimeupata, nauona, hauna kazi wala rafiki.

Ijumaa, 19 Aprili

Hakuna wa kumpikia. Nilipika wali hata hivyo, kwa karai, nikala nusu. Ulikuwa mtamu sana. Hiyo ndiyo iliyoniudhi.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Plot imekuwa bwawa. Jirani amepoteza kiatu kwa matope, amekichimba na jembe. Nilikutana na Mama Najah sokoni kwa mama wa nyanya. "Habari yako," akasema. "Nzuri, habari yako," nikasema. Akachagua nyanya zake, akaenda. Miaka mitatu hatujawahi kusalimiana bila kutukanana kidogo.

Alhamisi, 25 Aprili

Kichwa.

Jumatatu, 29 Aprili

Kichwa. Nesi Wilkister amesoma daftari lote, nimekaa hapo kama mwanafunzi. Akapima presha. Akasema, "Mama, hii dawa nakupa, lakini hii si ya dawa peke yake." Hilo nalo nimelipia.

Ijumaa, 3 Mei

Kuntai wa boda amepita, matope mpaka kwa helmeti, akanisalimia kwa Kimaasai. "Sopa, Mama." "Ipa." Anasema kwari imejaa maji kama ziwa, mashine zimezama, Wachina wamepelekwa sehemu nyingine mpaka kiangazi. Gao alimuuliza mama wa viazi yuko wapi. Kyule sasa anauza chipsi na kuku wa kukaanga. Kibao cha kijani alikitoa siku ile ile ya Idd, Kuntai alimwona akikikwaruza na kisu, gundi imebaki. Jina la Joka bado liko.

Jumamosi, 11 Mei

Kyule amekuja. Ameleta sukari kilo mbili, na unga. Alikaa kwa stuli akitazama miguu yake.

"Nilienda kwa Mama Najah," akasema. "Nikamwambia ni mimi nilileta nguruwe."

"Alisemaje?"

"Alisema amesikia. Akaniuliza kama wewe unakula."

Huwa nalala mchana, leo sikulala.

Ijumaa, 17 Mei

Jua limetoka leo, lile jua jepesi la baada ya mvua nyingi. Saa nne hivi nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua maharagwe. Nikaona mtu anavuka matope ya plot, buibui limeshikwa juu kwa mkono mmoja, gambuti za Burale miguuni, kubwa kupita kiasi. Nilisimama maharagwe yakamwagika.

Hakukaa. Alisema kama mtu aliyekariri njiani.

"Nimekasirika wiki tano. Nimechoka. Duka imekuwa kimya, hakuna mtu wa kunichokoza, Najah ananiuliza kila Ijumaa tunakula nini. Nimeuliza shehe. Amesema chombo kinasafishika. Kwanza ile kitu yenyewe itoke yote. Halafu maji mara saba, moja na udongo safi."

"Itoke yote," nikasema.

"Hiyo nyeusi yote. Mafuta ya nguruwe iko ndani ya hiyo nyeusi, si ndiyo?"

Ndiyo. Iko ndani. Iko katikati ya miaka kumi ya Mzee Shao na tisa yangu, na hakuna mtu duniani anayeweza kuichagua itoke peke yake.

"Sikulazimishi," akasema, sasa kwa upole. "Hiyo karai najua ni nini kwako. Unaweza kuiacha hivyo. Tutasalimiana tu sokoni."

Niliingia ndani. Nililitoa kwa gunia. Nikalishika kidogo, zito, jeusi, laini ndani kama ngozi ya mtu. Nikiliacha hivi nitapika wali mzuri kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka Namanga, na nitaula peke yangu. Nikachukua steelwool chini ya sinki.

Tulikaa nje kwenye jiwe. Mama Najah alikunja mikono ya buibui, nikamwambia hapana, hii ni yangu. Nilisugua. Mwanzoni weusi ulikataa, halafu ukaanza kutoka kama magamba, ukatia maji rangi ya kahawa, kisha rangi ya lami. Nilimsikia Mzee Shao akinitukana kwa Kichina, kila tusi ninalolijua. Nililia, nikafuta pua kwa bega, nikasugua. Mama Najah alikuwa akinimiminia maji. Ilichukua asubuhi nzima, steelwool nne.

Chuma kilipobaki cheupe, Mama Najah alikwenda nyuma ya sukuma zangu na kisu, akachimba chini mahali pasipokanyagwa, akaja na ngumi ya udongo mweusi. Ule ule uliotutesa tangu Machi, uliokula viatu vya plot nzima. Akaukoroga na maji, nikausugua ndani na nje, nikaumwaga. Halafu maji safi. Tulihesabu kwa sauti, yeye na mimi, mpaka saba.

Niliweka karai juani. Lilikuwa linawaka. Mama yangu angeliweka nje wageni walione.

"Ona," Mama Najah akasema. "Unajiona uso."

Nikajitazama. Sikufurahishwa na nilichokiona, lakini kilikuwa changu.

Niliwasha jiko, nikatia mafuta mapya, nikavunja mayai mawili. Yalishika papo hapo. Nilikwangua, yakararuka, yakatoka vipande vipande, mengine yameungua, kama kazi ya mtu aliyeanza kupika jana. Nilitaka kuyamwaga. Aliichukua sahani mkononi mwangu.

Akasema bismillahi, akala. Nilimtazama kila tonge. Alikula taratibu mpaka vipande vya mwisho vilivyoungua, akapangusa sahani na kidole.

"Haina ladha," akasema.

"Najua."

"Hata kidogo." Akanirudishia sahani, akaanza kuvaa zile gambuti za mumewe. "Ijumaa ijayo uongeze chumvi."